Mwana Mpotevu na Nyumba Isiyo na Mkate



Kwa muda sasa vijana wa Ipagala wamekuwa wakifika ofisini kwetu kuomba nakala ya cheti cha ubatizo. Zamani kijana aliyeomba cheti hicho alikuwa katika maandalizi ya ndoa, nasi tulimtania kidogo kabla ya kufungua daftari. Siku hizi tunauliza kwanza. Wengi wao hawakuandikishwa walipozaliwa, na cheti cha ubatizo huwasaidia kupata cheti cha kuzaliwa. Wakishakipata hicho huomba pasipoti. Na nyuma ya pasipoti yuko wakala ambaye jina lake hawapendi kulitaja, aliyewaahidi kazi za ndani huko Uarabuni au kibarua Afrika Kusini. Tunawaandikia. Hatuna haki ya kuwanyima.

Ni kwa ajili ya vijana hao Tume yetu ya Haki na Amani iliamua kuonyesha filamu jioni moja katika ukumbi wa parokia, badala ya semina ya kawaida ambayo, tukiri, huwasinzisha hata wanaoitoa. Tulichagua Bongoland, filamu ya mwaka 2003 iliyoongozwa na Josiah Kibira, Mtanzania aliyekuwa akiishi Minnesota, Marekani. Tuliiona kwa mara ya kwanza tukiwa seminarini, nayo haikututoka. Inamhusu Juma, kijana aliyeondoka nyumbani akidhani Marekani ni neema tupu, akakuta kazi duni, upweke na hofu ya mtu asiye na karatasi za ukaaji. Tulidhani filamu hiyo itatusaidia kuhubiri. Taa zilipowashwa, kijana mmoja, kibarua wa kumwaga zege, alisimama nyuma ya ukumbi akauliza: "Baba, tumeelewa kwamba huko ni kugumu. Sasa huyu Juma arudi wapi?"

Jioni ile tulijibu kwa maneno ya jumla, kama wafanyavyo watu walioshikwa bila kujiandaa. Kwa kuwa swali hilo halikumlenga Juma peke yake, bali linaigusa sinema ya taifa letu tangu ilipoanza, tumeona vema tulirudie hapa kwa utulivu.

Kisa cha kijana anayeondoka ni cha kale katika sinema yetu kuliko Uhuru wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilisimamia utengenezaji wa filamu za Kiswahili kwa ajili ya Waafrika, na mojawapo ilikuwa Muhogo Mchungu. Inaonyesha mtu wa shamba anayekuja mjini na masaibu yanayompata kwa ushamba wake. Watazamaji walicheka sana. Hata majina ya filamu nyingine za miaka hiyo, kama Meli Inakwenda na Chalo Amerudi, yanatoa harufu ya safari na marejeo. Mwigizaji mkuu wa Muhogo Mchungu alikuwa kijana mtumishi wa idara ya ustawi wa jamii, jina lake Rashidi Mfaume Kawawa. Msomaji anajua yaliyofuata: kijana huyo aliingia katika vyama vya wafanyakazi, na mwezi Januari 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Hatujui nchi nyingine ambayo mshamba wa kuchekwa katika sinema alikuja kuiongoza serikali miaka kumi tu baadaye. Tunalitaja hili kwa heshima ya Mzee Kawawa, aliyefariki tarehe 31 Desemba 2009, na pia kwa sababu linatukumbusha kwamba yule anayechekwa katika picha huenda ana akili kuliko aliyeitunga picha.

Lakini tutazame filamu ile ilikuwa inafanya kazi gani. Tangu mwaka 1944 kulikuwa na sheria iliyowapa watawala uwezo wa kuwaondoa mijini Waafrika waliohesabiwa kuwa hawatakiwi, yaani wasio na kazi, na kuwarudisha makwao. Polisi waliwasaka mitaani. Sinema nayo iliwaambia watu hao hao kwamba mji si wao. Kodi ya kichwa iliyomlazimisha kijana kutafuta fedha haikuonekana kwenye picha. Bei ya mazao aliyopangiwa mkulima haikuonekana. Alionekana mshamba tu, na ujinga wake.

Uhuru ulipokuja, kamera ilibadilisha mikono. Mwaka 1968 iliundwa Kampuni ya Filamu Tanzania, na katikati ya miaka ya 1970 ikatoa Fimbo ya Mnyonge. Kijana anaondoka kijijini kwenda kutafuta maisha mjini; mji unamshinda; anageuka na kukuta matumaini katika kijiji cha ujamaa. Hatuidharau nia ya filamu hiyo. Ilimheshimu mkulima, jambo ambalo filamu za kikoloni hazikulifanya, na ilisema wazi kwamba wanyonge wakishirikiana wana nguvu. Hata hivyo, sisi wa Dodoma tulio na wazazi waliohamishwa katika Operesheni Dodoma mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970 tunajua kwamba si kila aliyeingia kijiji kipya aliingia akiimba. Wapo waliopata shule, zahanati na bomba la maji. Wapo walioacha makaburi ya babu zao na malisho ya ng'ombe wao wasiambiwe kwa nini iwe mahali pale na si hapa. Kiongozi aliyekosea kuchagua mahali hakuwemo katika filamu. Kisha mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvu Kazi, na vijana wasio na kazi maalumu wakakusanywa katika mitaa ya Dar es Salaam na kupakiwa kwenye magari kwenda kulima. Mwisho wa filamu ulikuwa umegeuzwa kuwa sheria. Wengi wa vijana hao, kama tujuavyo sote, walirudi mjini mara tu walipopata nauli.

Ndipo tunapoona jambo ambalo kibarua wetu wa zege alilishika kabla yetu. Kwa miaka karibu sabini sinema yetu imekuwa ikisimulia kisa kimoja, nacho ni kisa cha mwana mpotevu. Kijana ana tamaa, anaondoka, anaponda alichonacho, anaaibika, anarudi. Ni kisa kizuri, nasi mapadre tunakihubiri kila Kwaresima. Lakini tunapokisoma katika Injili ya Luka, sura ya 15, hatuna budi kuangalia ni nini hasa kilichomrudisha yule mwana. Akiwa katikati ya nguruwe alikumbuka kwamba nyumbani kwa baba yake hata vibarua hula wakasaza. Hakurudi kwa sababu ugenini ni kubaya tu. Alirudi kwa sababu nyumbani kulikuwa na mkate, na baba aliyekuwa akiitazama njia. Sinema yetu imeichukua nusu ya kwanza ya mfano huo ikaiacha ya pili. Inamwambia kijana arudi, wala haioneshi kama nyumba anayorudishwa ina mkate, na kama hauna, ni nani aliyeula.

Kwa watu wa uwanda huu wa kati swali hilo si la vitabuni. Wazee wa Ugogo wanaihesabu historia yao kwa njaa, na njaa iliyo kuu katika kumbukumbu hiyo ni Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920. Inakadiriwa kwamba kati ya watu wapatao 150,000 wa nchi hii, 30,000 hivi walikufa. Watoto walipelekwa kwa watu wa mbali ili wapate kuishi; familia zilitawanyika zisikutane tena. Mtu akisikia hayo atadhani ni mvua tu iliyokosekana. Mvua ilikosekana kweli, lakini kabla yake jeshi la Wajerumani, na baada yake jeshi la Waingereza, yalikuwa yamechukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo ya vita. Waliotawala waliyaacha maghala matupu kwanza, ukame ukafuata. Uhamaji ule ulikuwa na wenyewe waliousababisha. Na miaka mingi baadaye, mtu wa Dodoma anapoingizwa katika vichekesho vya televisheni, mara nyingi huingizwa kama ombaomba wa kuchekesha, na hakuna anayeuliza ombaomba huyo ameanzia wapi. Tumekwisha kuwasikia watoto wetu wa mafundisho ya Komunyo wakiigiza sauti hiyo huku wakicheka. Nao ni Wagogo.

Liko jambo jingine la karibu zaidi. Mwishoni mwa Juni 2012, katika pori la Chitego, wilaya ya Kongwa, ilikutwa miili ya vijana zaidi ya 40 wa Ethiopia. Walikuwa wamefungiwa ndani ya lori, wakisafirishwa kwa siri kwenda kusini. Walikosa hewa wakafa, na aliyewabeba akawatupa kando ya njia, waliokufa pamoja na waliokuwa wangali wanapumua. Tulishiriki kuwaombea. Tukajiuliza mama zao wangejulishwaje, na kwa lugha gani. Katika nchi iliyotoa mamia ya filamu kila mwaka katika kipindi hicho, hatujaona filamu hata moja iliyolishika tukio hilo: lori lile, askari wa vizuizini waliolipisha au wasiolipisha, wenye biashara ile ambao hawapandi lori. Picha ya kijana anayehama ilikuwa imelala porini, umbali wa saa chache tu kutoka hapa.

Kwa nini basi? Tuseme kwanza kuhusu filamu za biashara zilizoitwa Bongo Movie, zilizoshamiri baada ya mwaka 2003. Neno lenyewe lingetosha kuandikiwa tahariri. Tangu shida za miaka ya 1980 watu waliuita mji wa Dar es Salaam "Bongo", na baadaye nchi nzima, kwa maana kwamba huwezi kuishi humo bila kutumia ubongo. Taifa linalojipa jina la ujanja wa kujiokoa linakiri kitu kuhusu wanaoliongoza. Lakini filamu zenyewe zilizungumzia zaidi mapenzi, uchawi, urithi na majumba ya kifahari. Hatuwabezi waliozitengeneza. Walifanya kazi kwa fedha kidogo mno, wakauza haki zao kwa wasambazaji kwa bei ya kutupwa, na bado waligusa mioyo. Steven Kanumba alipofariki mwezi Aprili 2012, umati uliojitokeza kumzika haukuwa wa kawaida. Ila kiongozi wa kisiasa, alipoonekana katika filamu hizo, alionekana akiwa na nyumba ndogo. Dhambi yake ilikuwa ya chumbani. Mkataba aliosaini, zabuni aliyompa shemeji yake, dawa zisizofika zahanati: hayo hayakuigizwa.

Wala si kwamba visa vilikosekana. Visa vikubwa vya utawala mbaya katika miaka hiyo vilisimuliwa hapa hapa Dodoma, ndani ya Bunge, umbali mfupi kutoka Ipagala. Februari 2008 Waziri Mkuu alijiuzulu mbele ya wabunge kwa sakata la mkataba wa umeme wa Richmond. Mwaka huo huo taifa lilizungumzia shilingi bilioni 133 zilizochotwa katika akaunti ya madeni ya nje, EPA, iliyokuwa Benki Kuu. Mwaka 2014 ikaja Tegeta Escrow, zaidi ya shilingi bilioni 300. Tunakumbuka jinsi watu walivyobanana mbele ya televisheni kwenye vibanda vya chai, bodaboda zikiwa zimeegeshwa, wakisikiliza Bunge kana kwamba ni mechi ya Simba na Yanga. Hakuna filamu ya Kitanzania iliyowahi kupata watazamaji makini namna ile. Kisha mwezi Januari 2016 serikali ilitangaza kwamba televisheni ya taifa haitarusha tena vikao vizima moja kwa moja, sababu ikitajwa kuwa ni gharama. Vibandani wakarudishiwa filamu za mapigano za kutafsiriwa.

Pia iko sheria. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya mwaka 1976, inamtaka mtu apate kibali kabla ya kuanza kupiga picha, na aeleze kisa chake kwa maandishi. Serikali yoyote ina wajibu wa kuwalinda watoto dhidi ya picha chafu, nasi tutakuwa wa kwanza kuiunga mkono. Lakini mtunzi anayejua kwamba kisa chake kitasomwa kwanza na mwajiriwa wa serikali hahitaji kukatazwa. Anajikataza mwenyewe, usiku, akiwa peke yake na kalamu. Tena wakubwa wetu wameonyesha wasivyopenda kioo. Mwaka 2006 Rais wa wakati huo alijitokeza hadharani kuilaani filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004, Darwin's Nightmare, kuhusu sangara wa Mwanza. Filamu hiyo ina kasoro zake, na kuna mahali ilikisia ambapo ilipaswa kuthibitisha. Lakini vijana wa ufukweni waliokuwa wakivuta gundi hawakuigizwa. Hasira ya taifa ilimwendea aliyewapiga picha.

Na lipo lingine ambalo wasanii wenyewe inafaa walitafakari. Katika kampeni za mwaka 2015 nyota wengi wa filamu walipanda majukwaani kuwanadi wagombea. Ni haki yao ya kiraia. Lakini mtu aliyevaa fulana ya mgombea Oktoba atamwigizaje mgombea huyo Januari, akiwa ameshinda na amesahau?

Wapo waliojaribu, na haki inatudai tuwataje. Kibira mwenyewe, mwaka 2008, alitoa Bongoland II, ambamo Juma anarudi Tanzania na kukuta kwamba kurudi ni kugumu kuliko alivyodhani. Laiti tungeionyesha hiyo pamoja na ya kwanza, huenda kibarua wetu asingelazimika kusimama. Mwaka 2018 Jordan Riber aliongoza Bahasha, hadithi ya mtumishi wa umma anayepokea rushwa na ya madhara yanayoifikia jamii yake na nyumba yake mwenyewe. Ni nadra kuona katika sinema yetu rushwa ikifuatwa hivyo kutoka mfukoni mwa mpokeaji hadi kwa mtu anayeumia. Amil Shivji naye ameitoa Vuta N'kuvute, mwaka 2021, kutoka katika riwaya ya Adam Shafi, na humo utawala unaonekana jinsi unavyokandamiza, magereza na yote. Ni kazi nzuri. Ila ni utawala wa Mwingereza, Zanzibar ya miaka ya 1950. Watawala waliokwisha kuondoka ni rahisi kuwahukumu.

Wenzetu wa Senegali wamefika mbali zaidi. Ousmane Sembène, aliyewahi kuwa kuli bandarini Marseille, alitengeneza mwaka 1966 filamu La Noire de..., kuhusu msichana wa Dakar anayepelekwa Ufaransa kulea watoto na kugeuzwa mtumwa wa nyumbani hadi anajiua. Miaka tisa baadaye, katika Xala, aliwageukia wakubwa wa nchi yake huru waliorithi viti vya wakoloni pamoja na mikoba yao. Wakaguzi wakaikata filamu hiyo vipande. Sembène aliona kwamba msichana wa filamu ya kwanza na wakubwa wa filamu ya pili wako katika kisa kimoja. Na mwaka 2019 Mati Diop, katika Atlantique, aliwaonyesha vijana wa Dakar wanaojenga jengo refu la kifahari huku wakiwa hawajalipwa mshahara kwa miezi. Wanapanda mashua usiku, na bahari inawameza. Wanaobaki wanamwendea tajiri kumdai ujira wa waliokufa. Humo hakuna anayemwambia kijana kwamba alikuwa na tamaa.

Filamu hiyo ingeweza kupigwa Dodoma bila kubadilisha mengi. Tangu mwaka 2016, serikali ilipoamua kuhamia hapa kwa dhati, mji wetu umepanda juu kwa kasi ambayo haikuonekana tangu uamuzi wa mwaka 1973 wa kuufanya makao makuu. Mwaka 2018 tukawa Jiji. Hapa Ipagala, mahali ambapo wakubwa kwa umri miongoni mwetu walilima uwele na mtama, sasa kuna maghorofa na nyumba za kupanga. Ni baraka, hatukatai; barabara zimekuja, biashara zimekuja. Lakini kijana wa Kigogo aliyezaliwa hapa amekuwa mhamiaji bila kuondoka. Mji ndio uliomhamia. Shamba la baba liligawanywa viwanja, fidia ikaliwa kwa mwaka mmoja, naye anamwaga zege kwenye uwanja uliokuwa wa babu yake kwa ujira wa kutwa. Wiki nyingine ujira huo haulipwi. Tumewahi kwenda na vijana wa Tume kumfuata mkandarasi mmoja mdogo aliyekuwa akidaiwa wiki kadhaa. Alituambia kwa upole kwamba naye hajalipwa na aliye juu yake, na huyo wa juu hatukumfikia. Baadhi ya walioidai fedha hiyo ndio waliokuja baadaye kuomba vyeti vya ubatizo.

Kwa upande wa wasichana hali ni nzito zaidi, maana mikoa yetu ya Dodoma na Singida kwa miaka mingi imekuwa chimbuko la wasichana wa kazi za ndani kwa ajili ya Dar es Salaam, na njia ya Dar es Salaam sasa inaendelea hadi Muscat. Ripoti ya Human Rights Watch ya Novemba 2017 iliwahoji watu 87, wakiwemo wanawake 50 wa Tanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Wanawake hao walieleza kunyang'anywa pasipoti, kufanyishwa kazi saa nyingi bila mapumziko, kunyimwa mishahara, wengine kupigwa na kudhalilishwa. La Noire de... yao bado tunaisubiri. Itakapokuja tungependa isiishie kwa mwajiri mkatili wa ugenini, bali ifike pia kwa wakala wa mtaani kwetu, kwa ofisi iliyogonga muhuri bila kusoma, na kwa mzazi aliyepokea fedha ya mbele.

Hatusemi kwamba kila kosa ni la viongozi. Wapo vijana wanaoondoka kwa tamaa tu ya picha walizoziona kwenye simu, na wapo mawakala ambao ni watoto wetu wenyewe, tuliowapa Kipaimara. Wala kuondoka si dhambi. Papa Yohane wa 23, katika Pacem in Terris ya mwaka 1963, aliihesabu miongoni mwa haki za binadamu haki ya mtu kuhamia nchi nyingine palipo na sababu za haki; na Papa Fransisko, katika ujumbe wake wa Siku ya Wahamiaji ya mwaka 2023, alizungumzia uhuru wa kuchagua, kuhama au kubaki. Maneno hayo mawili yakienda pamoja ndipo yanapouma. Asiye na kazi, asiye na ardhi na asiyelipwa hachagui.

Tena itakuwa unafiki tukiwanyooshea wasanii kidole tukajisahau. Katika harambee zetu za ujenzi mheshimiwa hukalishwa kiti cha mbele, hupewa kipaza sauti, na bahasha yake husomwa kwa sauti na kupigiwa vigelegele. Hatuulizi fedha hiyo imetoka wapi. Tumepokea mabati kwa namna hiyo. Hayo yanayofunika ukumbi tulioonyeshea filamu ni sehemu yake. Anayemwomba mwongozaji wa filamu awe jasiri mbele ya wakubwa angefaa kwanza akumbuke alivyotabasamu siku ile.

Kwa hiyo Tume imekubaliana kuionyesha Bahasha katika ukumbi huo huo mwezi ujao, na baada yake Bongoland II kama tutapata nakala nzuri. Diwani na wenyeviti wa mitaa wamealikwa, nasi tumewaandikia mapema kwamba hawatapewa kiti cha mbele. Watakaa kwenye mabenchi pamoja na watu, na baada ya filamu wataombwa kueleza mapato na matumizi ya mitaa yao, jambo ambalo ni wajibu wao hata pasipo filamu. Mmoja amejibu kwamba atakuja. Vijana wenye simu zinazopiga picha vizuri wameanza kurekodi, kwa idhini ya wahusika, simulizi za waliorudi kutoka Oman na Afrika Kusini. Sauti ya upepo inaingia sana kwenye rekodi, kama mjuavyo upepo wa Dodoma, na bado hatujui kama tutahitaji kibali.

Yule kibarua aliyeuliza swali alikuja ofisini wiki iliyopita. Tulifungua daftari, tukalitafuta jina lake, tukakuta tarehe ya ubatizo na jina la msimamizi aliyekwisha kufariki. Tulimwuliza kama ataweza kuwepo siku ya Bahasha. Alisema inategemea na pasipoti, ila kama haijatoka, atakuja na wenzake wa saiti, maana wana la kumwuliza diwani kuhusu malipo ya mwezi wa nne.